Ghala la Chanjo na Wageni Wake

Daktari wa Wadachi alipokuja Rumonge na karatasi yake, nilijua nina kazi ya kumfundisha mtu mzima. Karatasi ilionyesha ghala la kuwekea dawa ya ndui, dawa inayoharibika ikipata joto. Paa la mabati. Madirisha mawili makubwa ya vioo, yote yakitazama ziwani, kule kule jua la alasiri linakotupigia mpaka machweo. Nilimwuliza kwa adabu zote kama anataka kuhifadhi dawa au kuoka mikate.

Hakucheka. Wadachi walikuwa na mambo mengi, lakini kucheka walikuwa wamekuacha kwao. Akaniambia huko pwani iko mashine ya kutengeneza barafu, inakula makaa mchana kutwa. Nikamwambia mimi sina mashine wala makaa. Nina udongo, majivu na mkono wangu. Akanipa kazi, kwa kuwa fundi mwingine hakuwepo.

Niseme ukweli, serikali yao haikunishughulisha. Ndui ilikuwa imeshafika Magara, si mbali nasi, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, binti wa miaka sita hivi, ambaye hajachanjwa. Wengine wawili nilishawazika. Ghala lile nililijenga kwa ajili yake, basi.

Nililizamisha ardhini kufika kiunoni. Nikajenga kuta mbili za udongo, na katikati yake nikajaza majivu makavu. Wanawake wa mji mzima waliniletea majivu ya mafiga yao, kila mmoja akiuliza kama nimerukwa na akili. Juu nikaweka dari ya udongo, na juu ya dari paa la nyasi nene. Upande wa ziwa niliacha matundu madogo chini kabisa, na mbele ya kila tundu mtungi wa maji unaotoa jasho, ili upepo upite hapo kwanza upoe. Hewa ya moto ilitokea kwenye matundu ya juu. Mlango ulikuwa upande wa kivuli, na haukuwa mmoja. Unafungua wa kwanza, unaingia kwenye kijichumba, unaufunga, ndipo unafungua wa pili. Daktari aliingia, akakaa kidogo, akatoka akitetemeka mabega. Akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Kichwa changu kilivimba mpaka kofia ikanibana.

Dawa ikaletwa, vichupa vyembamba vya kioo ndani ya sanduku la bati. Daktari akanikabidhi ufunguo. "Fundi," akasema, "mimi nakwenda Usumbura, narudi mwezi mpya. Mlango iko kufungwa siku zote."

"Siku zote, Bwana Daktari," nikajibu, tena kwa kiapo.

Sasa nieleze kitu ambacho Mdachi hawezi kukijua. Kwetu sisi, mlango wa mtu aliyeko nyumbani haufungwi mchana. Ukiufunga, majirani watasema unakula peke yako. Na mimi nilikuwa naketi pale kila siku, mlinzi wa ufunguo. Wa kwanza kupita alikuwa mfanyabiashara wa samaki, jasho linamtiririka. "Hodi." Ningesema nini? Nilimkaribisha kwenye kijichumba apoe. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Kisha askari, amechoka na jua, maskini. Kisha mke wa askari na bakuli la siagi, aliweke ndani kwa muda tu. Muda ule haukwisha.

Ilifika siku mkeka ukatandikwa mle ndani penye dawa, kahawa ikaletwa, na jiko lake la moto. Walioketi ndani hawakuwasikia waliokaa kijichumbani, ikawa usumbufu mtu kupayuka. Nikatafuta jiwe zuri nikauzuia nalo mlango wa pili usijifunge. La mlango wa kwanza alilileta askari. Wote wakanisifu kwa baridi niliyoitengeneza, na mimi nikaitikia, "Karibuni, karibuni." Mke wangu alikuja mara moja, akatazama mawe yale. "Mume wangu, si ulisema mlango ufungwe?" Nikamwambia asinitie aibu mbele ya wageni.

Daktari akarudi, akawachanja watoto wote, na wangu wa mbele kabisa, nilihakikisha. Akasema mkono utavimba, utatunga usaha, utaacha kovu. Siku zikapita, mkono wa binti yangu haukuwa na hata kipele. Nilitembea mtaani nikieleza kwamba sisi ukoo wetu una damu kali. Watu walikubali, kwa sababu na watoto wao walikuwa hivyo hivyo. Mji mzima wa damu kali.

Daktari alipowapanga mstari na kutazama mikono ile, aliwaacha pale pale. Alikwenda ghalani moja kwa moja. Alikuta mkeka, birika, siagi iliyokwisha kuwa mafuta, na askari mmoja amelala fofofo. Akaliokota jiwe la mlango wa pili, akaligeuza geuza mkononi.

"Nani?" akauliza.

"Wageni," nikasema.

Alisema dawa nyingine itachukua miezi miwili kufika. Ndui ilichukua siku kumi na moja. Nilizihesabu.

Homa ilipompanda, binti yangu alilia kwamba anaungua, anataka baridi. Nilimbeba mpaka ghalani. Nikatupa mkeka wa watu nje, nikafunga mlango wa kwanza, nikafunga na wa pili. Mle ndani mlikuwa na baridi safi, kama nilivyokusudia. Watu walikuja kunipa pole, wakapiga hodi, wakapiga tena. Sikumkaribisha mtu. Nilifungua siku ya tatu, kwa kuwa ilibidi tumzike.