Kochi Lisiloisha Kujaribiwa

Mtaani walimwita Fundi Springi. Mpelekee kochi lililobonyea mpaka linatia huruma, yeye analirudishia ujana. Na mdomo anao, huyo mama! Hata akiwa amebana misumari kwenye meno, bado anakusema.

Siku aliyorudi kutoka kliniki, mdomo ukafungika. Alikuwa amekwenda kupima mlango wa kizazi, akaambiwa ana virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Nesi alimweleza taratibu: watu wengi huvipata, mara nyingi mwili huviondoa wenyewe, ni vigumu kujua viliingia lini wala vilitoka kwa nani, arudi baada ya mwaka. Yote aliyasikia, lakini kichwani likabaki neno moja tu: zinaa. Akajiona mchafu. Aliogopa mumewe, dereva wa lori, atamfikiriaje. Na yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, akaanza kuzihesabu safari za mumewe. Hamu ya kitandani ikamwisha kabisa.

Sebuleni palikuwa na kochi la mwalimu mstaafu, limekwisha kutengenezwa.

"Baba watoto, hili lazima nililalie. Springi hazijatulia."

Akalilalia wiki tatu! Springi gani hizo, jamani?

Jumamosi mchana mwalimu akabisha hodi. Fundi, huko jikoni, roho juu: kochi likiondoka, atasingizia nini? Akamsikia mumewe mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Rudi wiki ijayo. Mke wangu hajamaliza kulijaribu."

"Mbona naliona limekwisha?"

"Fundi akisema bado, ni bado."

Mwalimu akaondoka akinung'unika. Fundi akatoka jikoni, machozi yanamtiririka. "Kwa nini umedanganya?"

"Sijui unakimbia nini," mumewe akasema, "ila naona hapo ndipo unapopata usingizi. Kama ni kukoroma kwangu, sema tu."

Fundi akacheka huku analia, kisha akamwambia yote, hata hesabu ya safari. Hiyo ilimchoma mumewe, wala hakuficha.

"Ungeniuliza," akasema. "Wiki tatu unabeba haya peke yako? Twende wote kwa huyo nesi. Na mimi nina maswali."

Akamshika mkono, wakakaa hapo hapo kwenye kochi. Fundi akashtuka kusikia mwili unamsisimka. Kumbe hamu ilikuwepo, woga tu ndio ulioifunika. Akachukua simu.

"Mwalimu, geuza njia, njoo uchukue kochi lako."

"Si mmesema wiki ijayo?"

"Njoo sasa hivi. Leo nalala kitandani kwangu."