Sabuni Iliyoganda Kabla ya Kuiva

Waliponiona nikishuka kwenye lori kutoka Kampala, na diploma yangu ya usimamizi ndani ya bahasha ya plastiki, watu wa Butembo, mji wetu wa milimani mashariki mwa Kongo, walisema sitamaliza miezi mitatu. Jirani mmoja alitabiri kwamba nitafunga karakana kabla sijamaliza kuiezeka bati. Mwingine alisema vita vimewashinda matajiri wenye magari, sembuse mtoto wa mkulima wa viazi. Mjomba wangu alinikopesha fedha za kwanza huku akitikisa kichwa. Nilijisomesha kwa kubeba magunia sokoni, na mgongo ule bado nilikuwa nao.

Nilifungua karakana ya sabuni. Mafuta ya mawese yalipanda kutoka upande wa Beni, soda kali ya kuchanganya na mafuta ilitoka Uganda, na wakati ule kila nyumba ilitafuta sabuni. Hata askari wa vizuizi vya barabarani waliomba kipande kabla ya kuinua kamba. Mbali na mjomba, nilikopa kwa shemasi wa kanisa letu na kwa mama mmoja muuzaji wa jumla wa vyombo. Na huyo mama tulipatana waziwazi: nisipomlipa kabla mvua hazijakwisha, angechukua mapipa na sufuria zangu zote.

Niliajiri watu watano na kupanga kazi kama nilivyofundishwa. Kila mmoja alikuwa na sufuria yake, mwiko wake na visanduku vyake vya kumiminia, na kila mmoja alichora alama yake juu ya sabuni ili nimjue mvivu. Jioni niliandika ubaoni nani amejaza visanduku vingapi. Jamaa mmoja mwenye mabega mapana alijaza kumi na viwili. Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Kayna alijaza vitano. Alikoroga, akachovya kijiti, akagusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema, akakoroga tena. Wenzake walimtania kwamba anapika ugali wa harusi.

Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nilitangaza kwamba atakayechelewa nitamkata mshahara, na yeye nikamwambia mwisho wa mwezi atafute kazi kwingine. Aliitika, "Ndiyo, patron," akaendelea kukoroga.

Wiki ileile mnunuzi wangu mkubwa, mwenye duka kule mtaa wa Ruwenzori mjini Beni, alirudisha mzigo. Sabuni ilikuwa ikitoa maji yanayochoma, na wateja walikuja kumwonyesha mikono iliyobabuka. Alituma ujumbe mfupi: mzigo mwingine wa namna hiyo, na biashara yetu imekwisha. Mvua zilikuwa zimebaki chache.

Nilimwaga katoni zote sakafuni nimtafute mkosaji, nikiwa na hakika ni mama wa Kayna. Niligeuza kipande kimoja kimoja. Alama ya Mabega Mapana ilijaa tele, na za wale watatu wengine zilikuwepo. Alama ya mama, mistari miwili iliyokatana, haikuonekana hata mara moja. Sabuni zake zote zilikuwa zimebaki Beni, zimeuzwa.

Wakubwa wengi wangelificha jambo hilo. Mimi nilimwendea kwenye sufuria yake, mbele ya wote, nikamwomba anieleze.

"Huku ni baridi, patron," alisema bila kuacha mwiko. "Mafuta inaganda mbio. Unaona imekuwa nzito, unasema tumwage. Kumbe sabuni haiyaiva, soda ingali inachoma ulimi."

Daftari langu la Kampala lilisema mimina mchanganyiko ukishakuwa mzito. Liliandikwa kwenye joto, nami nilikuwa nikilifuata huku tumevaa masweta.

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Wee uko na diplome, patron. Mie niko na mwiko. Na ulisema mwenye kuchelewa utamukata."

Mabega Mapana alicheka hadi akashika ukuta. Nikacheka nami.

Siku hiyo nilifuta ubao na kumpa mama sufuria zote azisimamie. Kumbe alikuwa akipika sabuni nyumbani kwa mama mkwe wake tangu alipoolewa. Alituamuru kupasha mafuta kwanza na kutomimina hadi ulimi wake ukubali. Mabega Mapana, bingwa wangu wa mbio, aliwekwa kukoroga saa nzima bila kupumzika, na akikunja uso mama alimwambia, "Papa, mukono yako haina haraka. Ni tumbo njo iko na haraka ya kula." Alicheka na kukoroga. Nguvu zake hatimaye zilipata kazi.

Nikaanza kuwauliza na wengine. Mmoja alichelewa kila asubuhi kwa sababu alisalimiana na njia nzima. Nilimpa kazi ya kupeleka mizigo Beni. Aliongea Lingala na askari, akajua nani ana mtoto mgonjwa na nani anangoja barua ya nyumbani, na akapita kwa vipande viwili pale nilipokuwa nikiacha sita. Walimu wangu walinifundisha kupima kazi ya mtu. Kumuuliza mtu anachokijua nilijifunza kwa akili yangu, na sioni haya kujisifu kwa hilo.

Mzigo uliofuata haukurudi. Yule wa Ruwenzori aliagiza mara mbili yake, kisha akaomba sabuni zenye mistari iliyokatana peke yake, nasi tukaifanya kuwa alama ya karakana.

Mvua za mwisho zilipokuwa zikinyesha, nilivaa koti langu la mahafali nikamchukua mama wa Kayna tuzunguke naye kulipa madeni. Mjomba alihesabu mara mbili, akaacha kutikisa kichwa. Shemasi aliomba sala ndefu. Muuzaji wa vyombo alipokea fedha zake zote akauliza huyu mwenzangu ni nani. Nilimjibu kwamba ndiye shefu wa sufuria, na kwamba bila yeye, muuzaji angekuwa anapakia mapipa yangu leo. Alifurahi, akatuvutia viti, akaagiza chai.

Mama wa Kayna alinivuta mkono wa koti. "Patron, tuende. Niliacha sufuria kwa moto."