Kitambaa cha Nathanaël

Hapa Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, watu wazima, wenye akili zao, wanamwita Nathanaël Injenia. Injenia! Shule yake ilikuwa Nizi, kwa wachimba dhahabu, alikokuwa akizimwagia maji motopompe, zile pampu za kunyonya maji mashimoni, zikipata moto kupita kiasi. Alirudi Bunia na sanduku la spana, akafungua karakana mkabala na meza yangu ya umeme wa magari, na akili yake yote imebaki kule Nizi: injini yoyote ikizima, kosa ni pompe.

"Pompe iko na moto," anasema. Analowesha kitambaa, anakifunga juu ya pompe ya mafuta, anapiga soga nusu saa, kisha gari linawaka. Watu wanampigia makofi. Mimi upande wangu nilikunywa chai nikasonya. Gari likipumzika nusu saa hupoa lenyewe, hata ukilifunga kanga ya bibi yako.

Ndipo akaja Maman Angèle na gari lake la samaki. Gari hilo ndilo lililomtoa kwenye kuuza mandazi kando ya barabara. Lilishuka Kasenyi, kule ziwani, vizuri. Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, injini ikiwa moto na samaki wamejaa, likazima. Likavutwa mpaka karakana likiwa bado na moto, Nathanaël akafunga kitambaa chake. Safari iliyofuata likazima palepale, samaki wakaoza. Akafunga tena, wakaoza tena. Akabadilisha pompe nzima, mjinga yule, na mzigo wa tatu ukatupwa porini.

Siku hiyo Angèle alifika kwa kuvutwa kamba, akakaa chini mbele ya karakana.

"Nitauzisha gari," alisema. "Nirudilie mandazi."

Hapo ndipo niliponyanyuka. Sitaficha: nilifurahi. Gari lilikuwa limeshapoa, likawaka; nilisubiri Angèle akanyage mafuta mpaka likapata moto na kuzima, watu wakiwa wamekusanyika, nikamwambia Nathanaël azungushe ufunguo.

"Angalia ile sindano ya mizunguko nyuma ya usukani," nikasema. "Moteur inazunguka, sindano iko zero. Nani amekufa? Si pompe. Ni kapteri."

Kapteri ni kidude kinachokaa karibu na mhimili wa injini na kuiambia kompyuta mhimili umefika wapi. Kikizeeka, moto ukizidi, kinanyamaza, na kompyuta isiposikia neno haitoi cheche. Nilimpokonya Nathanaël kitambaa chake, nikakikamulia maji juu ya kapteri. Baada ya muda mfupi gari likawaka. Nikafungua bulo moja iliyoishikilia kwenye injini, nikatoa kapteri, nikafunga nyingine niliyokuwa nayo mezani. Kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Nathanaël aliinama kuichungulia kapteri ya zamani, na utamu wa kumwona hivyo ukanilevya.

"Mimi nilijuaka tangu siku ya kwanza!" nikawatangazia wote. "Sindano niliionaka pale pale kwa dirisha ya gari."

Angèle alinyanyuka, akajifuta vumbi.

"Siku ya kwanza, Papa Ézéchiel?"

"Siku ya kwanza."

"Kabla ya samaki yangu kuoza mara tatu?"

Nikaanza kueleza kwamba hakuna aliyeniuliza, kwamba mteja alikuwa wa Nathanaël. Hakungoja nimalize.

"Yeye hakujuaka," alisema. "Weye ulijuaka. Kapteri ilinyamaza sababu ya moto. Weye ulinyamaza sababu ya nini?"

Wiki iliyofuata alipanda kutoka Kasenyi bila kusimama hata mara moja. Alipita mbele ya meza yangu kama anayepita ukuta, akamshushia Nathanaël samaki mkubwa wa aina ya kapitene. Nilisonya, lakini safari hii sikujua namsonya nani.

Jioni Injenia alivuka barabara na nusu ya samaki huyo, amemfunga kwenye kile kitambaa.

"Kamata, Papa," alisema. "Ni weye ulitengeneza."

Sikuweza kumtazama. Nikapokea.