Fundi wa Gata

Fundi aliyetutengenezea gata za kukinga maji ya mvua pale mtaani Baba Dogo hakuwa mtu wa haraka. Kila bati alilipapasa kwanza kwa kidole gumba, kisha akalikunja polepole juu ya kipande cha reli huku akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata wateja walilazimika kumsogelea wamsikie. Akimaliza kufunga gata, alimwaga kikombe cha maji juu ya paa, akasimama chini na kiganja wazi, akiyangoja yafike.

Mwaka mmoja mvua ilichelewa na bomba la mtaa likakauka. Jirani yetu Aloo alikuwa amejifungua pacha, wa kwanza akaitwa Opiyo, na maji ya kufulia nepi aliyafuata mbali. Fundi akamfungia gata Jumamosi. Kesho yake mvua ilitunyeshea tukiwa kanisani, naye akatoka kabla ya mahubiri kwisha. Tuliporudi tulimkuta kwa Aloo. Upepo ulikuwa umeng'oa gata kwenye kiungo, naye amepanda juu ya stuli, suti imelowa chapachapa, ameishikilia kwa mikono miwili ili maji yaingie kwenye pipa.

"Fundi, ingia ndani, utashikwa na homa," Aloo alimwambia kutoka mlangoni, amepakata pacha wote wawili.

"Nitaingia, Mama Opiyo. Wacha lijae kwanza."

Aloo akacheka, akavuta kiti hadi mlangoni, akaketi kumwongelesha mpaka pipa likafurika.