Fundi wa lifti anayedai jina lake kwa vigogo wa zamani

Saa moja na nusu asubuhi, Nevzat Halil amelala kifudifudi juu ya kibanda cha lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, tochi ikiwa mdomoni. Anapapasa breki kwa vidole vyeusi vya grisi. Kisha anaitoa tochi na kumwita mwenzake aliye juu, kwenye chumba cha mashine.

"Plamen, zima umeme."

"Nimeshazima, Naydo. Au unataka nizime jiji zima?"

Lifti ya jengo hili, mtaa wa Mladost hapa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, ina wiki tatu haifanyi kazi. Wakazi walibishana muda wote huo, maana wa ghorofa ya kwanza walidai lifti haiwahusu, basi wasichangie. Walioumia ni wa juu. Mmoja wao ni mzee wa miaka 94, wa ghorofa ya saba, ambaye hajashuka kuota jua tangu lifti igome.

Mzee huyo ni Stamen Vazharov. Enzi za ukomunisti alikuwa katibu katika Kamati Kuu ya chama, na picha yake ilibebwa kwenye magwaride ya Mei Mosi. Leo majirani wengi hawamjui. Nevzat anamjua vizuri, kwa sababu amekuwa akipanda kugonga mlango wake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nevzat, mwenye umri wa miaka 61, hukusanya saini za viongozi wa wakati ule. Anazo arobaini na sita, kila moja kwenye kadi yake nyeupe. Wakusanyaji wengine hutaka saini tu, kisha huuziana Jumapili kwenye soko la vitu vya kale. Yeye hauzi, na saini peke yake haimtoshi. Anataka kiongozi aandike kwa mkono wake, "Kwa Nevzat Halil," ndipo atie saini chini.

Sababu iko kijijini kwao, upande wa Kardzhali, kwenye mashamba ya tumbaku. Majira ya baridi ya mwaka 1985 wanajeshi walikizingira kijiji, na kila Mturuki akalazimishwa kuchukua jina la Kibulgaria.

"Ofisini kulikuwa na orodha, unachagua kama unavyochagua viatu," anasema. "Karani akaniambia, chagua upesi, wenzako wanangoja kwenye theluji. Nikachukua Nayden kwa sababu lilikuwa juu kabisa."

Baba yake alikataa kuchagua, wakamchagulia. Mwaka uliofuata alifariki dunia, na kwenye cheti cha kifo likaandikwa jina ambalo hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwita. Hapo Nevzat anainamisha kichwa na kufuta spana kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Majina yalirudishwa kisheria mwaka 1990. Nevzat akapata kitambulisho kipya, lakini kazini walikuwa wameshamzoea. Naydo, kifupi cha Nayden, akabaki Naydo mpaka leo, naye hugeuka akiitwa hivyo. Mazoea yana taabu.

Wazo la saini lilimjia alipotumwa kutengeneza lifti kwenye jengo walikoishi wastaafu wa chama. Mmoja wao, aliyekuwa waziri mdogo, alimshukuru na kumpa mkono. "Nikajiambia, mkono huu ndio uliopitisha yale mambo. Basi uandike na hili."

Imemgharimu. Mshahara wake ni leva 1,600 kwa mwezi, na safari za miji ya Varna na Plovdiv huzilipia mwenyewe, pamoja na boksi la chokoleti kila anapokwenda, maana kwa mtu haiendwi mikono mitupu. Mmoja alimfungulia mbwa. Mwingine aliandika haraka haraka kama mtu anayetia saini risiti ya gesi, hata hakuuliza ni kwa nini. Mwingine alilia, na Nevzat akajikuta anamfariji. "Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ile ya mbwa," anasema.

Aliyebaki ni Vazharov peke yake. Na hapo kosa lilikuwa la Nevzat mwenyewe.

Mwaka 2001, alipobisha hodi mara ya kwanza, mzee alikuwa na nguvu na ukali wake. Alichukua kadi, akauliza, "Niandike kwa nani?" Ilikuwa sauti ile ile ya ofisini. Nevzat, mwanamume wa miaka thelathini na minane, akasikia mdomo wake unajibu, "Nayden."

Mzee akaandika hivyo na kutia saini, na Nevzat alikuwa ameshashuka hadi ghorofa ya nne ndipo akaelewa alichokifanya. Akapanda tena mbio, lakini mlango ulikuwa umefungwa na haukufunguliwa. Maji yakishamwagika hayazoleki. Tangu hapo amekuwa akirudi, na kila mara mzee humjibu kwamba alishamwandikia.

Plamen, Mbulgaria aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, anayo dawa yake. "Mimi ningeiacha lifti ilale," anasema akichungulia kutoka chumba cha mashine. "Akitaka jua, aandike."

"Na yule mama wa ghorofa ya nane mwenye mguu wa bandia, yeye aandike nini?"

"Wewe utakufa mjinga, Naydo."

"Nitakufa na lifti inayotembea. Washa."

Saa nne kasorobo, kibanda kinapanda bila kelele. Nevzat ananawa mikono kwa petroli, anavaa shati safi na kupanda kwa lifti hadi ghorofa ya saba, nami nyuma yake. Rumyana, binti wa mzee, anatufungulia.

"Karibu, kaka. Kaamka vizuri leo. Lakini usimchoshe."

Mzee amekaa dirishani, blanketi magotini. Daktari amesema moyo wake hautauona mwaka mpya.

"Lifti imepona, ndugu Vazharov," anasema Nevzat.

"Vizuri, fundi. Na umekuja na kadi yako."

"Nimekuja nayo."

"Nilikuandikia. Ulikuja kwa miguu yako ukasema Nayden. Nilikushikia bunduki?"

"Siku ile hukunishikia."

Rumyana anainamia kikombe chake cha kahawa. Mzee anageukia dirisha, na anapozungumza tena sauti imeshuka.

"Tulisema hakuna Waturuki nchi hii. Nilisimama jukwaani nikasema. Nikiliandika jina hilo, ina maana lilikuwepo."

"Lilikuwepo, mzee," anasema Nevzat. "Mama yangu alinipa."

Mkono wenye madoa ya uzee unanyooka kuomba kalamu. Unaandika "Kwa", kisha unasimama. Tunasikia lifti ikimshusha mtu. Mzee anaiweka kalamu chini na kufumba macho.

"Njoo Alhamisi," anasema.

Nje, Nevzat ananionyesha kadi. Neno moja, limepinda, kisha weupe mtupu. Rumyana anatufuata hadi mlangoni na kumnong'oneza Nevzat kwamba anaujua mwandiko wa baba yake, anaweza kumalizia, hakuna atakayejua.

"Asante, dada. Alhamisi nitaleta chokoleti."

Namuuliza itakuwaje mzee asipofika Alhamisi. Anabonyeza kitufe cha lifti na kusubiri, mabega yamelegea.

"Basi itabaki hivi hivi," anasema. "Jina langu nimeliandika mwenyewe miaka thelathini na nne, kila fomu, kila benki. Hiyo nafasi siijazi. Hiyo ni kazi yake yeye."