Maziwa Niliyoyakataa Handeni

Runinga ya mgahawa wetu ilikaa juu ya kabati la vikombe, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila jioni ilifunuliwa taratibu kama bi harusi. Mgahawa wenyewe ulikuwa Korogwe, karibu na stendi. Mwenye mgahawa alikuwa mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, na sote tulimwita Mama. Mimi nilibeba chai, nikafuta meza, nikakimbilia mabasi na sinia la vitumbua. Darasa la saba nilimaliza salama, ila majina ya waliochaguliwa kuendelea yalipobandikwa, langu halikuwepo. Wenzangu walilia. Mimi nikishindwa jambo huanza kuota jingine, sijui nimerithi kwa nani.

Labda kwa baba. Alikata mkonge tangu ujana, kama baba yake aliyekuja kutoka mbali kwa kazi hiyo hiyo, mpaka shamba likapata mwenyewe mpya na watu wakarudishwa nyumbani. Lakini miaka ile kila aliyerudishwa alifungua kitu: huyu genge, yule mitumba, yule kibanda cha simu. Baba alitoa kiti barazani, akaanza kushona viatu vya watu. "Kuanzia leo mimi ni mkurugenzi," akatangaza. Mama yangu akamwambia, "Mkurugenzi, kuni zimekwisha." Akaenda kuchanja kuni.

Basi kwenye runinga ile likaja shindano la vijana wa biashara. Walipewa kazi kila wiki, wakauze hiki, wakapatane na yule, halafu wanapanga mstari mbele ya jaji mwenye suti, naye anamtazama mmoja na kusema, "Safari yako imeishia hapa." Kiingereza kilichochanganywa humo nilikiruka kama mtu anavyoruka madimbwi, lakini mengine yote niliyameza. Kuwahi. Kushika mkono kwa nguvu. Kumtazama mtu machoni. Kumtafuta bosi, usipoteze muda na wengine. Wiki moja kijana mmoja alitumwa hotelini kutafuta mkataba, mwenyeji akamkaribisha sambusa, naye akala. Jaji alimuuliza, "Ulikwenda kufanya biashara au kula?" Akafukuzwa. Niliumia kama kafukuzwa ndugu yangu, nikaapa kwamba kosa hilo mimi sitalifanya.

Mpishi wetu, dada mmoja wa Lutindi, hakulipenda shindano lile. Chapati ikiungua aliinyanyua mbele ya macho yake na kuiambia kwa sauti ya jaji, "Safari yako imeishia hapa," kisha akanipa mimi niile.

Ndoto yangu wakati huo ilikuwa kona ya baraza la mgahawa, pale penye kivuli asubuhi wanaposhukia abiria. Nilitaka kuweka meza ya maziwa, ya moto asubuhi na mgando mchana. Iwe yangu.

"Maziwa utayatoa wapi?" Mama aliniuliza. "Haya ya hapa mjini yamebatizwa, mwanangu. Ukiyamwaga yanaota majani."

"Handeni, Mama. Kwa wafugaji."

Alinipima kwa macho. "Basi nenda ukapatane nao. Ila Jumamosi kuna jamaa analeta friji la soda, anaitaka kona hiyo hiyo. Ukija na maziwa ya kweli kabla yake, kona ni yako. Usipokuja nayo, utaendelea na vitumbua." Halafu akamgeukia mpishi. "Nenda naye, ili mmoja wenu awe na akili."

Tulipanda lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu. Mimi nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu na tai ya shule ya binamu yangu. Dada alinitazama njia nzima akiziba mdomo kwa khanga.

Tulishuka upande wa Handeni kule nyika inapokauka na miti inakuwa ya miiba, tukatembea mpaka kwenye boma. Mzee wa boma alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nilisema shikamoo, hilo sikulisahau, lakini mkono nilimpa wa kwenye runinga. Nilimshika nikabana, nikamkazia macho.

"Marahaba," alisema mzee. "Mwanangu, mkono huo bado nautumia."

Dada yeye alikuwa amekwenda upande wa wanawake. Nilimsikia anawasalimu kwa Kimaasai, "Takwenya!" nao wakamjibu kwa pamoja, "Iko!" na vicheko juu. Niliwaza: anapoteza muda, bosi yuko huku.

Akaja bibi mmoja mrefu, shingo imejaa shanga, mkononi kibuyu. Alimimina maziwa kwenye kikombe cha bati akaninyooshea. Yalinukia moshi, maana vibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto. Nilikuwa na kiu ya safari nzima. Lakini nikamwona yule kijana wa sambusa mbele yangu, waziwazi.

"Ahsante, Bibi," nikasema, nikarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Nimekuja kwa biashara. Sitakunywa."

Kule kwa wanawake vicheko vilikatika. Bibi alikitazama kikombe, akanitazama na mimi, kisha akarudi alikotoka.

Mimi nikaendelea na mzee. Nilizungumza juu ya faida, juu ya stendi, juu ya abiria wenye njaa ya maziwa halisi. Nilitembea mbele yake kama washindani wale, tai inapepea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Umesema vizuri," akasema. "Sasa kamwambie mwenye maziwa."

"Si wewe, mzee?"

"Ng'ombe ni wangu. Maziwa si yangu. Maziwa ni ya wanawake. Mimi mwenyewe nikitaka naomba." Akanyoosha fimbo kumwonyesha yule bibi. "Mwenye hiyo biashara yako ndiye uliyemrudishia kikombe."

Jamani. Nilisikia kona ya baraza ikiondoka, nikaliona na friji la soda limekaa pale, jekundu, linanguruma.

Nilimfuata bibi, nikavua tai nikaitia mfukoni, nikachuchumaa mbele yake. Dada alinikazia jicho la kusema haya sasa, tuone.

"Wewe," bibi alisema, "unataka kuwauzia watu maziwa yangu. Na wewe mwenyewe huyanywi?"

Kwenye runinga hawakuwahi kufundisha jibu la swali hilo. Nikabaki na ukweli tu. Nikamweleza kuhusu shindano, na kijana wa hotelini, na sambusa.

"Sambusa ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya mwenyeji, Bibi."

"Aliiba?"

"Hapana. Alikaribishwa."

"Akakaribishwa, akala, wakamfukuza?"

"Ndiyo, Bibi."

Aliwageukia wenzake akawasimulia kwa Kimaasai. Wakashika vichwa. Mmoja akauliza kitu, bibi akanitafsiria: "Anauliza, mama wa huyo mtoto anajua?"

Nilitaka kucheka, lakini nilipoona wanamhurumia kwa dhati, macho yakanilowa. Hata mimi niliyempenda kijana yule sikuwahi kumkumbuka mama yake.

"Nipe sasa," nikasema. "Tafadhali."

Bibi alinijazia. Nikanywa pale pale nimechuchumaa, bila kupumua, moshi na utamu mpaka mwisho. Nilipoteremsha kikombe wanawake walipiga makofi. Dada akaniambia kwa sauti ya jaji, "Safari yako imeendelea. Futa masharubu."

Halafu ndipo yakaja mazungumzo yenyewe, na aliyezungumza zaidi ni dada, ameshakalia ngozi na mtoto wa mtu mapajani: basi lipi la asubuhi, nani atapokea vibuyu, nani atavirudisha. Bibi alikubali kwa sharti moja tu. "Kila siku, kabla hujamuuzia mtu, unywe kwanza wewe. Wakuone. Asiyekunywa ndiye anayetia maji."

Wakati wa kuondoka nilimuaga mzee kwa kuinamisha kichwa, kama nilivyowaona watoto wa pale wakifanya, naye akaniwekea kiganja utosini. Kwenye lori la kurudi Korogwe nilimfikiria njia nzima. Jaji wa kwenye runinga, kila kitu kilikuwa chake, hata safari za watu. Mzee huyu alijua kisicho chake, na alikitaja mbele ya wageni bila kupungua hata kidogo. Nikiwa na wafanyakazi siku moja, nataka niwe bosi wa namna hiyo. Lakini lile la kuwahi nimelishika. Runinga nayo ina haki yake.

Jumamosi jamaa wa soda alifika na friji kwenye mkokoteni. Alinikuta nimeshatandika meza yangu kitambaa, baba amekuja na viatu vya watu begani kunitazama, na bibi mwenyewe anashuka basini na vibuyu vyake, maana alisema vibuyu ni kama watoto wake, hawezi kuvituma mahali asipopajua. Mama alimkaribisha ndani, akamfunulia runinga mchana kweupe kwa heshima yake. Bibi aliitazama kidogo, akauliza jaji yuko wapi. Tukamwambia analala mpaka jioni. "Akiamka mpeni chai," akasema.

Kisha akatoka barazani, akamimina kikombe cha kwanza. Abiria walikuwa wamezunguka meza, jamaa wa soda naye katikati yao ameegemea friji lake.

"Kunywa kwanza," bibi aliniambia.

Nikanywa, wakiniona wote. Na yule wa soda akanyoosha mkono, "Haya, na mimi nipime," kisha akaomba cha pili, ndipo akamuuliza Mama kama ndani kuna nafasi ya friji.