Ukurasa wa Tano

Wapakiaji walimwita Bibi Subiri, naye hakuchukia. Kiwanda kilitengeneza mabomu ya machozi, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kumchunguza kila mnunuzi: mabomu haya atamrushia nani, na wapi? Bila sahihi yake, hata kasha moja halikuvuka geti.

"Bibi, hata wachumba hawachunguzwi hivi," walimtania.

"Ndiyo maana ndoa zinavunjika," aliwajibu.

Karatasi za wanunuzi hakuziamini, maana nani hujisema vibaya? Yeye alipiga simu, akauliza watu. Safari hii alimpata muuguzi wa hospitali moja kwenye nchi ya mnunuzi. Muuguzi akamtumia orodha aliyoiandika kwa mkono: majeruhi thelathini na wawili, waliorushiwa mabomu wakiwa wamefungiwa ukumbini.

"Dada, jina langu lisionekane. Nina watoto."

"Halitoki kwangu, mdogo wangu."

Kanuni ya kiwanda ilitaka mnunuzi apewe nakala ya tuhuma, ajibu ndani ya siku saba. Kila mara Bibi Subiri aliyafuta majina ya mashahidi kwa wino mweusi kabla ya kutuma. Jumatatu ile, meneja akiwa amemsimamia mlangoni akitazama saa yake, alifuta kurasa nne, akatuma. Saa tano, akipanga nakala yake kwenye faili, akaona ukurasa wa tano. Ile orodha. Chini yake jina la muuguzi na wodi yake, vyote vinasomeka.

 Alimpigia muuguzi simu mara tisa, iliita tu.

"Usijitie presha, mama," meneja alisema. "Hao ni wateja wetu, tunawajua."

"Kama mnawajua, mimi mnanilipa kwa kazi gani?"

Siku sita aliishi roho mkononi. Chakula alikirudisha jikoni. Mumewe alipouliza, alisingizia kichwa, kwani aliogopa kulitamka. Mtu akishalitamka jambo, limekuwa. Simu ya muuguzi sasa haikuita kabisa.

Siku ya saba jibu likaja, adabu tupu. Mnunuzi alikishukuru kiwanda kwa uangalifu wake. Shahidi ameonana na maofisa, amekiri kuwa alidanganya, na ameacha kazi kwa hiari yake. Tamko lake limeambatishwa.

"Afadhali," meneja akashusha pumzi. "Limejibiwa. Tia sahihi, lori linangoja."

Bibi Subiri alikuwa anatazama chini ya tamko. Palipaswa kuwa na sahihi, palikuwa na alama ya dole gumba.

"Bosi, tangu lini muuguzi hajui kuandika?"

Meneja akatazama, kisha akatazama dirishani.

Bibi Subiri aliivuta fomu ya kuruhusu mzigo. Kulikuwa na swali alilolijibu "hapana" kwa mazoea miaka yote: je, kuna mtu aliyedhurika kutokana na biashara hii?  Akaandika: Thelathini na watatu. Wa mwisho nilimtaja mimi.